Kikulacho Gari Ki Turubaini

Jirani yangu huku Kigamboni ana Subaru Impreza WRX ya buluu, na kila jioni hulifanyia ibada. Anazima injini, anaisubiri ipoe, anatoa turubai la kijivu kwenye buti, analikung'uta mara mbili, kisha analivuta kutoka boneti hadi nyuma na kufunga kamba chini ya bampa. Wapita njia humsifu: yule bwana analipenda gari lake. Sisi wenye vigari vinavyolala nje vikinyeshewa tunajiona wazembe.

Sifa hiyo siikubali. Tumeaminishana kwamba kufunika ndiko kutunza, na kwamba gari likiwa la mbio, la kishindo na bei, halina budi kufichwa zaidi. Mimi naona turubai linamtuliza mwenye gari tu. Gari lenyewe linaumia humo ndani.

Tuanze na vumbi. Njia yetu ya mtaani haina lami, kwa hiyo gari hurudi nyumbani limebeba chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kioo. Juu ya rangi kuna kliakoti, tabaka angavu lililo jembamba kuliko karatasi ya daftari. Sasa tandaza turubai juu ya vumbi hilo, halafu ngoja upepo wa kusi uvume. Litapepea, litapiga, litasugua hadi alfajiri. Fundi rangi akitaka kukwangua rangi hushika msasa. Huyu bwana msasa kaununua kwa hela yake, akaufunga na kamba usidondoke.

Jumapili moja, alipotoka safari ya wiki tatu, nilimsaidia kulifunua. Jua lilikuwa limepanda. Pale mwanga ulipopiga boneti ikaonekana mistari myembamba iliyozungukana kama utando wa buibui, na ilizidi kwenye kingo za milango na migongo ya vioo vya pembeni, mahali turubai linapobana.

"Hiyo ni kazi ya waosha magari, kaka," akaniambia. "Matambara yao machafu."

Huenda baadhi ni yao. Ila waosha magari hulishika mara moja kwa wiki, na turubai hulishika usiku saba.

Mistari haikuwa balaa peke yake. Diski za breki zilikuwa zimevaa kutu ya rangi ya chungwa. Mlango ulipofunguliwa, viti vilitoa harufu ya ukungu. Akapiga stata, kimya, kwa sababu alamu ilikuwa imeinyonya betri taratibu siku zote hizo. Tukafungua boneti kuibusti, tukakuta panya wametafuna waya na kuacha kiota cha majani makavu pembeni mwa injini. Panya hataki mahali penye pilikapilika, lakini nyumba yenye giza, paa na utulivu aliyojengewa bure, aikataeje?

Hapa pwani adui mkubwa wa chuma ni unyevu wenye chumvi. Turubai la plastiki halipumui. Maji ya masika hupenya kwenye mishono na unyevu hupanda kutoka ardhini, jua likiwaka mvuke unakosa pa kutokea, na gari linachemka humo kama kiazi sufuriani. Lililo wazi hulowa pia, lakini saa mbili za upepo na jua zinalikausha.

Nitaambiwa habari za jua. Ni kweli, jua letu linapausha rangi na kupasua dashibodi, na kinyesi cha kunguru kikiachwa kinakula rangi. Lakini dawa ya jua ni kivuli. Nguzo nne na bati, au makuti, hewa ikipita chini yake, ni kinga tosha. Na mtu mwenye banda, anayefunika gari safi na kavu kwa kitambaa laini kinachopitisha hewa, sina ugomvi naye. Nawauliza hawa wengine tu: nani kati yenu huosha gari kila jioni kabla ya kulifunika?

Wapo wanaosema wanalinda thamani, kilomita zisipande. Gari halizeeki kwa kilomita peke yake. Likisimama, tairi hupata bapa mahali zilipokalia, petroli huchacha, mafuta ya breki hunyonya unyevu, na raba za sili hukauka. Mnunuzi atasoma kilomita chache kwenye dashibodi, kisha fundi amsomee mengine chini ya gari.

Kinachonichekesha zaidi ni jina la gari lenyewe. Impreza lilijipatia heshima Afrika Mashariki kwenye vumbi na tope la Safari Rally: Colin McRae alishinda nalo mwaka 1997, Richard Burns akashinda nalo 2000. Sisemi la jirani likarushwe mabondeni Naivasha. Nasema ni ajabu gari la ukoo huo kufichwa lisiguswe na vumbi la Kigamboni. Mwali huwekwa ndani, lakini siku yake ya kutoka ipo na ngoma hupigwa. Hili limewekwa ndani, na ya ngoma hayajatajwa.

Kwa hiyo jirani, kama unasoma, Jumamosi lifunue. Limwagie maji mengi kwanza vumbi lishuke, ndipo uguse kwa kitambaa. Kisha liendeshe mpaka injini ipate moto sawasawa, nenda Kimbiji urudi, breki zifanye kazi na betri ijae. Usiku liache wazi, ila si chini ya mwembe.

Turubai usilitupe. Mtaa huu hauishiwi misiba wala harusi, tutaliazima tutandike watu wakae.