Baiskeli ichague kwa mteremko, siyo kwa mlima

Najua nimepotea wiki mbili nzima, mitihani ilitubana hapa Mkwawa, lakini nimetoka salama na leo nina la kusema. Sizungumzii bumu wala siasa za chuo. Nazungumzia BAISKELI. Msicheke! Wenzangu wa ualimu ndio hasa nawalenga, maana ukija kupangiwa shule Kibondo au Kasulu, kitu cha kwanza utakachonunua baada ya godoro ni baiskeli.

Msimamo wangu ni huu: kule kwetu watu wananunua baiskeli kwa kufikiria mlima, wakati kinachovunja watu ni mteremko. Ukiingia dukani utasikia mteja anauliza, "Inabeba gunia?" "Inapanda mlima?" "Fremu ngumu?" Sijawahi kusikia mtu anauliza, "Hii inasimamaje?" Mlima ukikushinda unashuka, unakokota, unafika umechoka lakini mzima. Mteremko ukikushinda huna pa kushukia.

Kwa wasiopajua, huko mwisho wa reli siyo tambarare. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na mji wa Kasulu uko zaidi ya mita 1,200. Kutoka hapo hadi Kibondo ni kupanda na kushuka, bonde moja baada ya jingine. Zamani vumbi na makorongo yalitusaidia bila sisi kujua: barabara mbovu yenyewe ilikuwa breki. Sasa ile barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye kilomita 260 hivi, imewekewa lami sehemu kubwa. Lami tumeililia miaka mingi na tunaishukuru, lakini lami haina msuguano wa kukuhurumia. Baiskeli ni ileile, gunia ni lilelile, mwendo siyo uleule.

Angalieni majirani zetu Burundi. Kuna mteremko mrefu wa lami kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, na kwa miaka mingi vijana wameshuka nao wakiwa na mikungu ya ndizi mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Wakati wa kurudi wananing'inia nyuma ya malori. Ni mabingwa, sikatai, lakini kuna waliokufa pale. Sisi tumepata lami juzi, tusisubiri kujifunza kwa njia hiyo.

Sasa niruhusuni nivae koti la mwalimu wa fizikia kidogo. Watu wanaamini gunia ndilo linaloipa baiskeli mbio. Siyo hasa. Kama kusingekuwa na upepo wala msuguano, mwenye gunia na asiye na gunia wangefika chini kwa mwendo uleule. Upepo ukiwepo, mzito anatangulia kidogo kwa sababu upepo hauwezi kumzuia kirahisi. Tatizo kubwa la uzito linakuja pale unapotaka KUSIMAMA. Chukua mtu wa kilo 60 na baiskeli ya kilo 20. Jumla kilo 80. Akishuka mteremko wenye kimo cha mita 50, kama hataki kuongeza mwendo, sehemu kubwa ya juli 39,000 hivi itamezwa na breki. Mwongezee gunia la kilo 100: zinakuwa juli 88,000. Zaidi ya mara mbili, na raba za breki ni zilezile nne ndogo! Halafu kuna mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, nishati ambayo breki lazima zimeze ili baiskeli isimame inakuwa mara nne. Mara nne wadau, siyo mara mbili. Kwa hiyo anayesema "nitaachia kidogo halafu nitashika breki huko chini" ameshapiga hesabu vibaya kabla hajaanza.

Wenzetu wa nchi za baridi wanaoserereka kwenye theluji wamelielewa jambo hili. Kule huchukui zile mbao za miguuni, skii, kwa kupenda rangi. Muuzaji anakuuliza una kilo ngapi, urefu gani, unashuka kwa upole au kwa kasi, na hata kile kifungo kinachoshika kiatu kinakazwa kulingana na majibu hayo ili mguu uchomoke ukianguka. Msidhani ni mambo ya wazungu tu: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya, alishuka na skii kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 akiiwakilisha Kenya. Dukani kwetu swali ni moja tu: "Una shilingi ngapi?"

Haya, tuje kwenye kuchagua. Mimi nagawa watu mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wa MZIGO: magunia, mkaa, ndizi, madumu ya mawese. Hawa wachukue lile baiskeli kubwa la mtindo wa kizamani, tairi 28, fremu ya chuma, mfano Phoenix ya China au Avon na Hero za India. Gurudumu la nyuma la aina hii kwa kawaida lina spoku 40 na la mbele 32, yaani limetengenezwa likijua mzigo uko nyuma. Breki zake za fimbo zinavutia raba upande wa ndani wa rimu, hazikatiki ovyo na fundi yeyote chini ya mwembe anazitengeneza. Udhaifu wake ni mvua. Rimu ya chuma ikilowa, raba inateleza kama sabuni, na kwetu mvua zinaanza Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei. Kwa hiyo mwenye gunia kwenye mteremko mkali, hasa siku ya mvua, ashuke akokote. Wazee wetu wanafanya hivyo na hakuna anayewacheka.

Fungu la pili ni wa HARAKA. Huyu ni kijana asiye na mzigo, anayependa kuachia mserereko. Wewe chukua ile ya mlimani yenye tairi pana na breki za waya zinazobana rimu kutoka pembeni, na kama unapata rimu za alumini ni bora zaidi, maana zikilowa zinashika vizuri kuliko chuma. Lakini ujue waya unakatika nyuzi moja moja, na siku ukikatika wote hautakupigia simu kwanza. Angalia kila wiki. Na zile giya nyingi zisikudanganye: giya inakupandisha, haikusimamishi.

Fungu la tatu ni WEPESI: wanafunzi, akina mama wanaokwenda kliniki, walimu wapya wembamba kama baadhi yetu (mnajijua). Hapa nina kesi yangu mwenyewe. Nyumbani Kasulu wanataka kumnunulia mdogo wangu wa kike baiskeli ya shule. Yuko kidato cha pili, ana kilo 45 hivi, na njiani kuna mteremko wa maana unaoishia darajani. Kikao cha familia kwa simu kimeamua anunuliwe kubwa la tairi 28, eti siku za mnada libebe na mahindi. Mimi nimepinga na bado napinga. Akikaa kwenye kiti chake miguu haifiki chini, na mkono wake haukamati vizuri ule mkono wa breki ya fimbo. Yaani tunampa chombo anachoweza kukipanda lakini hawezi kukisimamisha. Baba mdogo anasema atazoea. Jamani, mtu anazoea chumvi kuzidi, hazoei kukosa breki!

Kwa uzito wake, baiskeli ya mtumba kutoka Japani yenye fremu iliyoinama katikati ingemfaa, ila kuna tahadhari moja: nyingi zina breki ya nyuma ya ndani, pale kwenye kitovu cha gurudumu. Kwenye mteremko mfupi ni nzuri, hata mvua haizisumbui sana. Kwenye mteremko mrefu zinapata moto na kulegea. Ndivyo ilivyo hata kwa zile breki za kukanyaga pedeli kinyumenyume. Kule California mwaka 1976 vijana walianza mashindano ya kushuka mlima kwa baiskeli za namna hiyo, na grisi ilikuwa inaungua ndani ya kitovu mpaka wakifika chini lazima wafungue na kupaka upya. Mashindano yenyewe yakaitwa Repack kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ukiwa nayo, hakikisha breki ya mbele nayo ni nzima, ili kazi igawanywe.

Najua hoja itakayokuja: "Hayo ni ya wenye hela, sisi tunanunua inayopatikana." Nakubali hela ni tatizo. Lakini raba za breki ni bei ndogo mno ukilinganisha na baiskeli yenyewe, na bado utamkuta mtu ana maua ya plastiki kwenye usukani, redio kwenye fremu, halafu anasimama kwa kuweka kandambili kwenye tairi. Hiyo siyo hela, hayo ni mazoea. Na kujaribu kabla ya kulipa ni bure kabisa. Kaa kwenye kiti, angalia kama ncha za miguu zinagusa chini. Bana breki ya mbele uisukume baiskeli: ikisogea, mwambie muuzaji airekebishe kwanza. Inua gurudumu ulizungushe uone kama rimu inayumba. Kama ni ya mzigo, tafuta njia upakie mzigo wenyewe, siyo wewe mtupu.

Na sisi tutakaokuwa walimu tuna kazi ya ziada. Tutafundisha nishati na msuguano kwa watoto ambao wengine wamekuja shule kwa baiskeli. Tusichore tu kile kitelemko cha kwenye kitabu. Tuwatoe nje tukague breki zao, hiyo ndiyo fizikia.

Ni mtazamo wangu tu, lakini siurudishi nyuma. Wiki njema wadau, na anayeshuka ashuke polepole.