Ati Tungoje Serikali Iamue

Kuna hekima moja inayozunguka katika ofisi za mameneja wa hoteli kuanzia Malindi hadi Diani, na Nairobi nako haikosi wafuasi. Inasema hivi: sera za serikali hazikai, kila Juni bajeti ikisomwa mambo yanageuka, kwa hiyo mwenye akili asijifunge na mtambo wa gharama. Anunue kiyoyozi cha bei ya chini, aendelee kupasha maji kwa umeme kama kawaida, angoje aone wakubwa wataamua nini. Mimi naiita uvivu uliovaa tai.

Sikatai kwamba serikali yetu imejitafutia sifa hiyo yenyewe. Mwaka wa 2020 Sheria ya Fedha iliweka VAT kwenye vifaa vya sola; mwaka uliofuata Sheria ya Fedha nyingine ikaiondoa. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku kwa siku 90. Siku hizo zikawa miaka mitano na ushei, na aliyetangaza marufuku akiwa Naibu Rais, William Ruto, ndiye aliyetangaza kuiondoa Julai 2023 akiwa Rais. Sasa waulize watu wa viwanda vya majani chai, ambao huchoma kuni kwenye boila ili wapate mvuke wa kukausha majani, kama walikuwa na nafasi ya kungoja. Majani yakishachunwa hayamsubiri waziri. Kiwanda kilichokuwa na mikaratusi yake mwenyewe kilikuwa na pa kukimbilia. Kilichozoea kununua kuni sokoni kilijikuta kikizigombania na kila mtu.

Lakini mfano unaoniudhi zaidi ni wa maji ya moto.

Kanuni za mwaka wa 2012 zilitaka kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku liweke mtambo wa kupasha maji kwa jua, utosheleze angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa mwaka. Majengo yaliyokuwapo tayari yalipewa miaka mitano. Wenye majengo wengi wakakaa kitako wakisema zitajifia zenyewe, na kweli, makali yake hayakudumu. Wakapongezana. Walipongezana kwa lipi? Hoteli ya vyumba hamsini pwani, juani tangu saa moja asubuhi, inanunua umeme ili mgeni aoge maji ya moto. Waliishinda serikali, wakabaki na bili ya Kenya Power kila mwezi, na hiyo haina kipindi cha kungojea wala mbunge wa kuipigia kelele.

Hapo ndipo kosa la hekima hii lilipo. Inadhani sera ndiyo gharama, na kwamba sera ikikwepwa gharama nayo imekwepwa.

Kosa la pili ni kubwa kuliko hilo: kuchanganya sera zinazoyumba na zile zisizoyumba. Panda juu ya paa la hoteli yoyote kongwe ya Mombasa uangalie vile visanduku vya nje vya viyoyozi. Chumvi ya bahari imekula mapezi ya koili, skrubu zimeganda kwa kutu, na ubavuni kuna kibati kilichofifia kinachotaja gesi. Kikisema R22, hesabu imeshafungwa. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, nchi kama yetu zilitakiwa kulipunguza kundi la gesi la R22 kwa asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025, na ifikapo 2030 isibaki ila akiba ndogo ya kuhudumia mashine za zamani. Ratiba hiyo imepita kwenye mikono ya marais kadhaa bila kutikisika.

Kikisema R410A, usishangilie bado. Marekebisho ya Kigali ya itifaki hiyo, ya Oktoba 2016, ambayo Kenya iliyaridhia mwaka wa 2023, yanataka kundi la gesi la R410A nalo lisiongezeke tangu 2024, lipungue kwa asilimia 10 mwaka wa 2029, 30 mwaka wa 2035 na 50 mwaka wa 2040. Tena mgawo haupimwi kwa kilo tupu, bali kwa nguvu ya gesi kupasha dunia joto. Kilo moja ya R410A hula mgawo karibu mara tatu ya kilo moja ya R32, gesi nyingine ya viyoyozi. Muagizaji mwenye kibali cha kiasi fulani ataleta gesi ipi? Na mtambo mkubwa ukitunzwa hufikisha miaka 15. Ukifungwa leo, utakuwa ukidai gesi mgawo wake ukiwa umeshapungua sana.

Mwenye mtambo unaovuja ndiye atakayeumia kwanza. Kila mtu pwani anamjua yule fundi anayeitwa kila Januari joto likipanda, anafunga geji, anajaza gesi, analipwa, anaondoka bila kutafuta tundu. Leo utaratibu huo unaonekana rahisi kwa sababu mtungi bado unapatikana dukani.

Wapo watakaosema R32 inashika moto. Ni kweli, hushika ingawa si kwa wepesi, na propani, ambayo nayo hutumika kwenye viyoyozi, ndiyo zaidi. Kwa hiyo mafundi wafunzwe, na wasiofunzwa wasiiguse. Hiyo ni sababu ya kuajiri fundi mzuri, sioni inavyogeuka kuwa sababu ya kununua kiyoyozi cha R22 kilichotumika kutoka kontena.

Basi bwana meneja, bajeti ya Juni isikilize kwa ajili ya ushuru. Kabla hujatia saini ununuzi wa viyoyozi, soma kibati cha gesi, soma nyota za matumizi ya umeme ambazo kanuni za 2016 zilimlazimu muuzaji kuzibandika, kisha mwambie akuandikie gharama ya umeme na gesi kwa miaka 10. Akikataa kuandika, nenda duka jingine.