"LIPA YAISHE" SI AMANI



Katika mwambao wetu wa Tanganyika kumezuka usemi ambao sasa umekuwa kama fundisho: "Lipa yaishe." Mtu akisimamishwa barabarani, huambiwa lipa yaishe. Akibambikiwa kosa, lipa yaishe. Akisema hana hatia, huonekana mkorofi asiyejua dunia inavyokwenda. Wazee huongeza na methali: heri nusu shari kuliko shari kamili. Tunaandika waraka huu kuupinga usemi huo. Na tunaanza kwa kujipinga sisi wenyewe, kwa kuwa tuliutamka.

Kijana mmoja wa Ilagala, dereva wa bodaboda, alikuwa akielekea mjini Kigoma. Nyuma yake alikaa mama mfanyabiashara wa mawese pamoja na dumu lake. Walipofika kwenye njia panda, gari dogo lilitoka barabara ya pembeni, likaingia barabara kuu bila kusimama, likaligonga gurudumu la nyuma la pikipiki. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyepata zaidi ya michubuko. Taa ya gari ilivunjika, chuma cha kubebea mizigo kilipinda, mawese yakamwagika lamini.

Askari alifika baadaye. Alimsikiliza mwenye gari. Hakumwuliza neno mama wa mawese, wala muuza mihogo aliyekuwa ameketi hatua chache tu kutoka pale. Akaandika kwamba kijana ameendesha bila uangalifu, akamtaka akiri na kulipa shilingi 10,000. Kijana alikataa. Akaambiwa afike kituoni kesho yake.

Jioni ile alikuja parokiani kuomba ushauri. Walikuwapo viongozi wawili wa walei, nasi tulikuwapo. Shauri letu lilikuwa moja: shilingi 10,000 ni kitu gani? Nauli ya kwenda na kurudi mahakamani itazidi hapo. Kiri, lipa, yaishe. Mmoja wetu alimkopesha hata hizo fedha, nasi tukaiona hekima hiyo kuwa ni ya Kikristo.

Hayakuisha. Majuma mawili hayajatimia, mwenye gari alikuja kudai gharama za taa na rangi, akisema mkosaji amekwisha kukiri kwa mkono wake mwenyewe. Naye mwenye pikipiki, aliyemkabidhi kijana kwa mkataba wa kulipa kila juma hata chombo kiwe chake, aliposikia kuwa dereva amekiri uzembe, alivunja mkataba na kuichukua pikipiki. Malipo ya miezi minane yakapotea. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hapo ndipo tulipoulizana: kijana huyu alikiri nini? Sisi mapadre huketi katika kiti cha maungamo. Hakuna padre awezaye kumwambia muungamaji akiri dhambi asiyoitenda ili foleni ipungue. Lakini kwa jambo la barabarani tulimwambia kijana wetu afanye hivyo hasa. Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Je, imempa mtu ruhusa ya kujishuhudia uongo mwenyewe? Aliyetia sahihi kukiri kosa asilolitenda ametoa ushuhuda wa uongo, nasi tuliomshauri tunashiriki uongo huo. Tumemwomba radhi yeye. Leo tunawaomba radhi ninyi.

Tuseme sasa sheria ilivyo, maana wengi wetu hatuijui. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, inaruhusu makosa madogo yamalizwe kwa kulipa faini pasipo kufika mahakamani. Mwaka 2021 faini hiyo kwa bodaboda na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000. Lakini utaratibu wote huu umesimama juu ya nguzo moja, nayo ni kukiri. Karatasi ya askari si hukumu. Ni tuhuma, pamoja na nafasi ya kuimaliza kwa kulipa ikiwa mtuhumiwa anakubali kosa. Asiyekubali ana haki ya kusema, "Sikubali, naomba jambo hili liende mahakamani." Huko mwenye mzigo wa kuthibitisha kosa ni mshtaki, si mshtakiwa.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Mama wa mawese na muuza mihogo wangeweza kusimama mbele ya hakimu na kueleza kwa maneno yao wenyewe walichokiona.

Tunajua yatakayosemwa. La kwanza: gharama. Ni kweli. Kutoka Ilagala hadi mahakamani ni safari, na siku moja bila kazi ni siku bila chakula. Hatumlaumu maskini aliyelemewa. Tunailaumu jumuiya inayomwacha alemewe peke yake. Tunachangia harusi, tunachangia misiba, na ni vema. Je, hatuwezi kuchangia nauli ya shahidi mmoja? Tena gharama ihesabiwe yote: mkataba uliovunjika ulimgharimu kijana yule kuliko safari nyingi za mjini.

La pili: askari watamwandama, kesi ya nyani hakimu ngedere. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ilipotoa taarifa yake mwaka 1996, Jeshi la Polisi halikukosa kutajwa humo. Hata hivyo mtu akinyamaza kila mara, makosa hayaandikwi popote, na asiye mwadilifu hana sababu ya kuogopa. Aliyekataa mbele ya watu, kwa heshima, akiwa na mashahidi, si rahisi kuonewa kama aliyekuja peke yake gizani.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu hutolewa kwa jina la Injili: Mkristo ageuze shavu la pili. Ndugu, kugeuza shavu ni kukataa kulipiza kisasi. Kusamehe ni kuliachilia kosa la mwingine. Wala shavu wala msamaha havimtaki mtu aseme uongo juu ya nafsi yake. Mtume Paulo alipigwa viboko kule Filipi bila kuhukumiwa. Kesho yake wakuu wa mji walitaka aondoke kimya kimya, yaishe. Alikataa kutoka gerezani hata walipokuja wenyewe kumtoa. Naye Danieli aliiokoa roho ya Suzana kwa jambo dogo sana: aliwatenga mashahidi, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani. Pale njia panda maswali mawili ya namna hiyo yangetosha.

Ipo pia njia ambayo Wakristo wetu huipenda kuliko mahakama: "Padre, tupigie simu kituoni." Hatutapiga tena simu hizo. Mtu akiachiwa kwa sababu padre amesema, yule asiye na padre, yule Mwislamu jirani yetu, yule mvuvi mgeni, atashika wapi? Upendeleo ni ndugu wa rushwa. Na kuhusu rushwa yenyewe, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mpokeaji na mtoaji vilevile. Anayempa askari shilingi 5,000 ili asilipe 10,000 hajadhulumiwa, ameshiriki dhuluma.

Hapa tusieleweke vibaya. Hatufundishi kudharau polisi. Wapo askari waadilifu wanaosimama juani kuyalinda maisha yetu. Wapo pia madereva wetu wanaobeba mishikaki, wasiovaa kofia ngumu, wanaoingia njia panda kana kwamba barabara ni yao peke yao. Huyo akikamatwa akiwa na kosa, akiri na alipe, kwa namba ya malipo ya Serikali, na aitunze stakabadhi yake. Ukweli ule ule unaomtaka asiye na kosa akatae ndio unaomtaka mwenye kosa akubali.

Basi ajali ndogo ikitokea, tufanye hivi. Dereva asimame, asikimbie, na aliyeumia ahudumiwe kwanza. Polisi wapewe taarifa. Yaandikwe majina ya walioona, na vyombo vipigwe picha kabla havijaondolewa, ikiwa njia inaruhusu. Dereva aombe kwa upole kwamba mashahidi waulizwe na ramani ya ajali ichorwe. Asitie sahihi asichokisoma, wala kukiri asichokitenda. Lakini asinyamaze tu na kwenda zake: deni lisilolipwa wala kupingwa huongezeka. Aseme waziwazi kwamba anapinga, kisha awaone wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kijana wetu sasa anabeba magunia ya mihogo kwa kibarua. Shilingi 10,000 tulizomkopesha alikwisha kuzirudisha. Deni lililobaki ni letu kwake.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Ni lini tulimshauri mwenzetu akubali kosa ambalo hatukuamini kuwa amelitenda? Tulikuwa tunalinda nini?

2. Kama mmoja wetu angekuwa ndiye muuza mihogo pale njia panda, je, angekubali kwenda kushuhudia? Nani angemlipia nauli?

3. Jumuiya yetu inaweza kutenga kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya mwanajumuiya anayetafuta haki yake?