Lipa Mwongozaji, Wacha Stori za Tagi

Leo naongea na wenzangu wa kamera, na mkitaka kununa, nuneni. Hii tabia ya kushuka Lamu, kutafuta kijana wa kukutembeza siku nzima, halafu jioni unamwambia "nitakutagi, braza", ni wizi. Unafanywa kwa tabasamu, lakini ni wizi.

Na huyo mtu ndiye alikupangia kila kitu. Ulimtumia meseji wiki mbili kabla: mimi sitaki vitu za kila mtu, nataka safari yangu mwenyewe, nifike Takwa, nione nyumba za zamani kwa ndani, nile pale wenyeji wanakula. Sawa. Unadhani hiyo inajipanga?

Takwa iko kisiwa cha Manda, na boti inapita kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko. Maji yakitoka, hapapitiki. Saa ya maji kujaa nayo inasonga karibu dakika 50 kila siku, kwa hivyo ile saa uliona kwa video ya mtu ya Disemba haikusaidii kitu. Ni mwongozaji anapiga hiyo hesabu, anapatana na nahodha, na anajua mkikawia kwa chai mtakwama kwa tope. Mkifika, yeye ndiye anakuambia kwamba wenyeji walihama huo mji zamani wakaenda Shela, na kwamba watu wa Shela wamekuwa wakirudi hapo kwa lile kaburi la mnara kuomba mvua. Bila yeye ungepiga picha mawe, basi.

Alafu zile nyumba. Mji wa Kale uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001, lakini watu wanaishi mle ndani, wanapika, wanalala. Ule ukuta wenye zidaka ulioweka kwa ukurasa wako ni sebule ya mtu. Ulifunguliwa mlango kwa sababu yule kijana alipiga hodi na mama wa hapo anamjua tangu akiwa mdogo. Wewe ukirusha droni juu ya kiwanda chao bila kuuliza, kesho uko kwa ndege. Yeye anabaki kumsalimia huyo mama kila asubuhi.

Hotelini hukubishana hata shilingi, na huko hawajui hata jina lako. Kwa huyu ndio unakumbuka uchumi ni mgumu?

Najua mtasema kuna matapeli. Wako, tena wengi. Si uitishe leseni, ile ya serikali ya waongoza watalii? Kubalianeni bei kabla hujatoka Nairobi, na iwe kwa maandishi: boti ni ya nani, chakula je, kiingilio cha Makavazi kiko ndani ama kando. Mwambie ukweli pia. Kama huwezi kutembea kwa jua, kama ni mwezi wa Ramadhani na unataka kula mchana, kama bajeti yako ni ndogo, sema mapema. Atakupangia nusu siku na utamlipa ya nusu siku. Hakuna aibu hapo.

Na hiyo tagi, muulize kwanza kama anaitaka. Wengine hawapendi hata sura yao ionekane kwa simu yako.