Picha zinazokataliwa: mulaumu mwanga kwanza

LUBUMBASHI – Katika komine ya Annexe, kuanzia Kasapa hadi Kalebuka, wapo vijana wanaojaribu kuuza picha za mandhari kwa ajansi za Ulaya na Marekani. Kila picha inaporudishwa wana jibu moja: "Wametukataa juu sisi ni Wakongomani." Jibu hilo linatuliza moyo, lakini halifundishi kitu. Picha yenye giza inakataliwa hata ikitoka Paris.

Tazameni namna inavyokuwa. Mwezi wa nane na wa tisa, moshi wa majani yanayochomwa na wa tanuru za makala unachanganyika na vumbi jekundu, na mbingu inakuwa nyeupe. Kamera haijui kichuguu wala barabara. Inapima mwanga wote na kutafuta wastani. Ikikuta mbingu nyeupe imejaa, inapunguza mwanga, na udongo wa Annexe unatoka mweusi kama makala yenyewe. Mpiga picha akiongeza mwanga ovyo, mbingu inaungua, na palipoungua hakuna programu inayoweza kurudisha mawingu ambayo kamera haikuyashika.

Dawa yake haihitaji kamera ya bei kali. Mtu atoke asubuhi jua likiwa chini, ama angoje jioni. Aguse kwenye skrini sehemu yenye mwangaza, ashushe mwanga kidogo mpaka mawingu yaonekane, ndipo apige. Akifika nyumbani, anyanyue sehemu za giza polepole. Akizidisha, chembechembe zinajaa na ajansi inakataa tena. Wala asitume picha iliyopitia WhatsApp, kwa sababu huko inapunguzwa. Adobe Stock, kwa mfano, haipokei picha yenye chini ya megapikseli 4.

Kuna ugonjwa wa pili, mubaya kuliko wa kwanza. Mtu akichoka kukataliwa, anaweka mbingu ya kuazima na kupaka kijani miti iliyokauka. Ajansi zinazitambua rangi hizo zilizozidi. Mwaka 2015, mashindano ya World Press Photo yalitoa picha nyingi katika duru za mwisho kwa sababu zilikuwa zimebadilishwa.

Atatokea wa kusema: hata Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alichanganya picha. Kweli. Katika kazi yake "Mémoire" ya mwaka 2006, aliweka watu wa picha za kale za ukoloni mbele ya mabaki ya viwanda vya Gécamines. Lakini alifanya hivyo waziwazi, na anayetazama anaona kwamba nyakati mbili zimekutanishwa. Anayepaka msitu kijani anataka usijue.

Na hapo ndipo jambo linapogusa watu, si feza tu. Familia zilizokimbia vita vya Mitwaba na Pweto zinatunza kwenye telefoni picha ya mlima, ya shamba, ya njia ya kwenda mtoni. Mtoto aliyezaliwa Annexe hana kijiji kingine isipokuwa kile kilicho kwenye picha. Ikiwa ya giza, hakioni. Ikiwa ya kupakwa, anaonyeshwa kijiji ambacho hakikuwahi kuwapo. Vivyo hivyo na msitu unaokatwa kwa makala kando ya muji: ukipakwa kijani leo, kesho nani ataamini kwamba ulikatwa?

Kwa hiyo mpaka uko wazi. Kunyanyua giza ili udongo mwekundu uonekane mwekundu ni kazi ya haki. Kuleta mbingu isiyo ya Annexe ni uongo, hata kama mununuzi ataipenda. Vijana wajifunze kazi ya kwanza na kuikataa ya pili. Wakisha kufanya hivyo na ajansi ikaendelea kuwarudisha, hapo watakuwa na haki ya kuuliza kwa sauti: ni kwa nini?