Mbio za Alfajiri Zisigawanywe

Watu wa Ulaya wana majira ya baridi na theluji. Sisi wa Kampala, tulio karibu na mstari wa ikweta, hatuna. Lakini mtu yeyote aliyepata kutoka bwenini saa kumi na moja na nusu alfajiri, amevaa kaptula, baada ya mvua ya usiku, hawezi kuniambia kwamba mji huu haujui baridi. Ukungu umelala mabondeni, giza bado lipo, na meno yanagongana.

Hapo ndipo furaha yetu huanza. Twapanga mistari miwili langoni, mmoja aanzisha wimbo, wengine twaitikia, na miguu yapiga chini kwa pamoja. Ndugu zetu wa Tanzania huita jambo hili mchakamchaka, na neno hilo latufaa sana, maana ukilitamka wasikia viatu barabarani. Tukifika chini ya Namirembe mwili umekwisha pata moto. Tukipanda kilima cha Rubaga, hakuna anayekumbuka blanketi lake.

Sasa nasikia baadhi ya wenzangu wanataka kikundi kigawanywe kuanzia muhula ujao: wenye mbio watangulie, na wazito wafuate kwa nafasi yao. Sababu zao si za kipuuzi. Wasema mwendo wa pole hauwafai wanaojitayarisha kwa mashindano, tena watahiniwa hawana wakati wa kumngoja mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaza hivyo hivyo, nikatenda hivyo, na ndiyo maana naandika.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipewa kazi ya kukaa nyuma na kumwangalia wa mwisho. Asubuhi moja wa mwisho alikuwa mvulana wa kidato cha kwanza, mgeni shuleni. Nilichoka kumngoja. Nikamwambia, "Utatukuta mbele," nikaenda zangu. Tulipohesabiwa langoni, tulipungua mmoja. Tukarudi mbio, tukamkuta ameketi ukingoni mwa mtaro, kifundo cha mguu kimevimba, na malori na pikipiki zikipita karibu naye gizani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilijua mtarudi, kaka." Neno lile liliniuma kuliko adhabu niliyopewa, maana hatukurudi kwa wema wangu, tulirudi kwa sababu ya hesabu.

Wengine hunitajia Joshua Cheptegei, kijana wa Sebei, wakidhani kwamba bingwa hukimbia peke yake. Ni kweli kwamba mwaka 2020, huko Monaco, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, akaweka rekodi ya dunia. Lakini katika mizunguko ya kwanza walikuwapo wenzake waliotangulia kumpimia mwendo, kisha wakajitoa, na leo ni wachache wanaoyakumbuka majina yao. Hata mbio zile zilianza kwa kikundi.

Basi, wenye mbio wapewe kiwanja jioni, wakimbie mpaka watosheke, nasi tutasimama pembeni kuwashangilia. Mbio za alfajiri si mashindano. Na mtahiniwa anayeogopa kupoteza dakika tano kwa kumngoja mwenzake ajiulize alipoteza ngapi jana kwa mazungumzo baada ya chakula cha usiku. Tena tukumbuke barabara zetu: kikundi kimoja kirefu chenye wimbo dereva hukisikia na kukiona, lakini mtoto mmoja aliyeachwa nyuma haonekani.

Mwakani sitakuwapo shuleni. Nitakuwa miongoni mwenu ninyi mliotutangulia, mnaokuja kututembelea na kutuuliza kama desturi za zamani zipo bado. Naomba mlisemee jambo hili, maana ninyi mwajua ni nani aliyewangoja siku mlipokuwa wageni na pumzi zimewaishia.

Nahodha mpya nina ombi moja tu kwake. Aache sheria kama ilivyo: asiingie mtu langoni kabla ya wa mwisho kufika. Mvulana yule wa mtaroni sasa yu kidato cha nne, na siku hizi ndiye akaaye nyuma. Sijasikia bado kwamba amemwacha mtu.