Nyumba Zilizojengwa kwa Karafuu



Kila ajuaye habari za zao letu ajua kuwa nyumba nyingi kubwa za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa fedha za karafuu, na kwa jasho la watumwa waliozilima. Seyyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Matajiri wakawa na makao mawili: nyumba ya mji na nyumba ya shamba. Siku za kuchuma zikifika walihamia shamba, na vuno likisha walirudi mjini.

Leo wengi wetu tumerithi mafungu katika nyumba hizo. Mimi nina fungu katika moja, na warithi tu kumi na mmoja. Mwaka mmoja tulipouza karafuu vizuri tulikubaliana kuipamba. Tukapiga saruji ukuta wa chini, tukapanda asumini na mawaridi uani, shina kwa shina kando ya ukuta, tukayamwagilia maji asubuhi na jioni. Mchirizi wa paa ulikuwa umeziba, tukasema utangoja. Masika yalipokuja, dari ya chumba cha juu ilianguka usiku. Alhamdulillahi, bibi yetu alikuwa amelala chini. Kosa lilikuwa letu, wala hatuna wa kumlaumu.

Mwashi mzee alitueleza. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunywa maji na kuyatoa tena. Ukizifunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea, hubaki ndani na kupanda juu. Boriti nazo ni za mikoko, na vichwa vyake vimezikwa ukutani. Ukuta ukilowa, vichwa huoza kwanza, na mtu aliye chumbani haoni kitu mpaka siku ya kuanguka.

Wasidhani wenzangu kuwa haya ni ya nyumba ndogo tu. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020, hali linatengenezwa, na watu wawili wakafa. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini heshima hiyo haizibui mchirizi wa mtu.

Wako watakaosema kuwa bei ya karafuu haina uhakika, na watoto wataka ada za shule. Ni kweli. Lakini kuzibua mchirizi ni kazi ya asubuhi moja, na dari yetu imetula vuno zima.

Basi rai yangu ni hii. Kila mauzo, kabla ya kugawana, warithi watoe kidogo na kukiweka kwa mmoja wanayemwamini, kwa hesabu iliyoandikwa. Paa litazamwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Ukuta upigwe chokaa, si saruji. Na maua tuyapende, lakini yakae katika vyungu katikati ya ua.

Mkarafuu twaupalilia kila mwaka, nasi twajua kwa nini. Nyumba uliyoizaa nayo yataka kupaliliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa leo si wa bei ya babu zetu.

Mwanachama Mwenzenu